Mto uliojaa kabla ya mvua: jinsi nilivyotatua

Nimepumua, ndiyo maana naandika. Nilikuwa natengeneza modeli ya mtiririko wa Mto Ngerengere, kipande cha juu ya Bwawa la Mindu, Morogoro. Niliiendesha mara 10,000, kila mara kwa vigezo tofauti (namba za ndani ya modeli ninazoweza kurekebisha), lakini ukanda wa mashaka, yaani nafasi kati ya majibu ya chini na ya juu, ulibaki mpana kiasi cha kutoniambia lolote. Kiangazi na mafuriko vyote vilienea humo!

Nikabana mipaka ya vigezo. Nikabadili kanuni ya uvukizi. Wapi.

Siku moja nikachora mvua na mtiririko kwenye grafu moja, nikakuza Aprili peke yake. Mto ulipanda tarehe 11. Mvua iliyoupandisha ilisomeka tarehe 12. Mto gani huo? Kumbe vigezo vilikuwa vinahangaika kufidia siku hiyo moja.

Nikarudi kwenye kadi za kipimamvua. Pembeni, kwa penseli, saa ya kusoma kipimo: saa 3 asubuhi. Basi milimita zilizoandikwa tarehe 12 zilianza kukusanyika tangu saa 3 asubuhi ya tarehe 11, na mvua yenyewe ilipiga Uluguru jioni ile. Nikarudisha safu nzima ya mvua nyuma siku moja, nikakagua kwamba mwisho wa Februari, wenye siku 28 au 29, haujavurugika, nikaendesha upya. Ukanda ukanywea.

Kwenye vilele vya mafuriko bado ni mpana. Vipimo vyangu vya kasi ya maji havifiki huko, mstari wa kina na mtiririko, unaogeuza kina cha maji kuwa mtiririko, nimeurefusha kwa kukisia, na hilo haliondoki kwa kuhamisha tarehe.