Kondoo na nafaka ya ghafla

Kondoo aliyezoea majani akipewa mahindi mengi kwa mara moja, wanga huchachuka upesi tumboni na kutoa asidi. Vijidudu vinavyomeng'enya nyasi hufa. Utamwona kainamisha kichwa, anasaga meno, hacheui, kinyesi majimaji yenye harufu ya uchachu. Nafaka iliyosagwa ni hatari kuliko punje nzima, maana huchachuka haraka zaidi.

Anza na gramu 50 za nafaka kwa kila kondoo kwa siku, ongeza 50 kila baada ya siku 2 au 3. Nyasi kavu zitangulie. Kihori kiwe kirefu, la sivyo wenye nguvu watakula fungu la wenzao, na hao wenye nguvu ndio huugua kwanza. Akishavamia gunia, mwite daktari wa mifugo mara moja, usingoje aharishe.