Kilomita 1,150 peke yangu kwenda kujifunza bastola

Nilikuwa nimemiliki bastola kihalali kwa miaka 2 kabla ya kukubali kwamba sikuwa nimefundishwa vya kutosha kuitumia. Mafunzo mafupi yanayotakiwa kabla ya kupewa kibali niliyapitia na kufaulu, kisha nikaanza kufanya mazoezi mwenyewe, mwezi baada ya mwezi, kwenye uwanja wa shabaha ambako kila mtu hushughulika na karatasi yake. Mimi hutumia mkono wa kulia, na risasi zangu zilikuwa zikienda chini na kushoto. Nilibadili mshiko, nikabadili namna ya kusimama, nikajaribu risasi za aina nyingine, lakini matundu yaliendelea kukusanyika palepale, chini na kushoto ya mahali nilipolenga. Ndipo nilipojiandikisha kwenye kozi ya siku 3 iliyokuwa umbali wa kilomita 1,150, na kwa kuwa sikupata mtu wa kufuatana naye, nikaamua kwenda kwa gari peke yangu. Ninaandika habari za safari hiyo kwa sababu kosa lililokuwa limejificha mkononi mwangu lilijitokeza kwanza barabarani, usiku, kabla sijafika kwa mkufunzi.

Maandalizi yalinichukua wiki nzima, na sehemu kubwa ya wiki hiyo niliitumia kusoma sheria. Kila nchi ina masharti yake kuhusu kusafiri na silaha, na katika baadhi ya nchi masharti hubadilika kila unapovuka mpaka wa jimbo, kwa hiyo kibali kinachotosha unakoanzia huenda kisitoshe njiani. Nilichagua kufuata utaratibu mkali kuliko yote niliyoyasoma: bastola isiyo na risasi, chemba (tundu inamokaa risasi kabla ya kufyatuliwa) imekaguliwa kwa jicho na kisha kwa kidole, ndani ya sanduku gumu lenye kufuli, ndani ya buti, risasi katika sanduku jingine lenye kufuli yake, na karatasi zote katika bahasha ambayo ningeweza kuifikia bila kufungua chochote kingine. Nilijizoeza hata maneno ya kumwambia askari ikiwa ningesimamishwa, yaani kusema mapema na kwa utulivu kwamba nimebeba silaha, iko wapi na iko katika hali gani, mikono yote miwili ikiwa juu ya usukani. Upande wa gari sikuwa na mengi: oili, maji, breki, taa, na upepo wa matairi yote pamoja na la akiba.

Kozi ilikuwa ianze Jumatatu. Niliondoka Jumamosi saa kumi alfajiri, nikiwa nimeamka saa tisa, nia yangu ikiwa ni kufika usiku na kuitumia Jumapili yote kupumzika.

Saa za mwanzo za safari ya peke yako zina uzuri ambao sijaupata kwingine. Hakuna anayezungumza nawe, na macho hukaa kazini bila kulazimishwa. Nilikuwa nikifikiria mpangilio wa rangi uliofundishwa na Jeff Cooper, yule aliyekuwa ofisa wa jeshi la wanamaji wa Marekani ambaye mwaka 1976 alianzisha shule ya bastola huko Arizona, na ambaye mafundisho yake yameenea karibu kila mahali panapofundishwa matumizi ya silaha. Kwa Cooper, rangi hizo zilieleza hali ya akili ya mtu. Nyeupe ni ya asiyejali kinachomzunguka. Njano ni ya aliyetulia lakini anaona. Ya machungwa ni ya aliyekwisha kutambua kitu mahususi kinachoweza kuwa hatari. Nyekundu ni ya aliye tayari kutenda. Mtu anaweza kukaa katika njano siku nzima bila kuchoka, ndivyo wanavyosema walimu wengi, na asubuhi ile niliwaamini kabisa. Niliona lori linaloyumba kabla halijanikaribia, nikaona mbuzi kando ya barabara kabla hawajaamua kuvuka.

Adhuhuri tairi la nyuma lilipasuka. Gari liliyumba, nikashika usukani bila kukanyaga breki, nikaliacha lipunguze mwendo lenyewe hadi pembeni. Nati moja ilikuwa imekaza kwa kutu na ikakataa kulegea mpaka nilipoisimamia spana kwa uzito wangu wote, nikiwa peke yangu kwenye barabara ambayo gari moja hupita kwa dakika kadhaa, huku buti limefunguka na masanduku mawili yenye kufuli yakiwa chini kando ya miguu yangu kwa sababu tairi la akiba lilikuwa chini yake. Nililichukia sana jambo hilo. Tangu siku hiyo, masanduku huyaweka mahali ambapo sitahitaji kuyatoa nje mbele ya wapita njia ili kulifikia tairi. Kazi nzima ilikula saa moja na nusu.

Kuanzia hapo nilianza kuendesha kwa deni. Nilihesabu saa nilizopoteza nikataka kuzirudisha, ingawa hakuna aliyekuwa akinisubiri usiku ule na Jumapili yote ilikuwa yangu. Nilipunguza vituo vya kunyoosha miguu, nikafungua dirisha, nikaongeza sauti ya redio, na kila kimoja kati ya hivyo kilinipa dakika chache za kujiona mzima. Ilipofika saa mbili usiku zilikuwa zimebaki kilomita 200 hivi. Sikumbuki kufumba macho. Ninachokumbuka ni ngurumo ya changarawe chini ya magurudumu ya upande mmoja, kisha nguzo ya alama za barabara ikitokea ndani ya mwanga wa taa, karibu sana, kisha mikono yangu ikiurudisha usukani kwa upole ambao hata sasa siujui ulitoka wapi.

Nilisimama penye uwazi, nikazima injini, nikakaa. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde. Kama nililala sekunde 4, nilipita mita 111 bila dereva, na katika umbali huo gari lililopinda kwa digrii 1 tu huwa limehama njia yake kwa karibu mita 2. Nilikuwa macho tangu saa tisa usiku, yaani saa 17 kamili. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walichapisha majaribio yanayoonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hufanya kazi za umakini kwa kiwango cha mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, na hicho ndicho kikomo ambacho nchi nyingi zimemwekea dereva. Hakuna mkufunzi makini ambaye angeniruhusu kushika bastola nikiwa nimekunywa kiasi hicho. Mimi nilikuwa nimejiruhusu kushika usukani, kwa sababu hapakuwa na mtu kwenye kiti cha pembeni wa kuniambia kwamba kichwa changu kimeanza kuinama.

Nililala dakika 20 palepale milango ikiwa imefungwa, nikaendesha polepole hadi nyumba ya wageni ya kwanza, nikachukua chumba. Masanduku yote mawili niliingia nayo chumbani. Gari lililoegeshwa si ghala la silaha, hata kama lina kufuli nzuri, na wezi huiba bastola nyingi magarini. Jumapili nilizimaliza kilomita zilizobaki kwa saa tatu, nikafika adhuhuri.

Tulikuwa wanafunzi 10. Asubuhi ya Jumatatu hakuna aliyegusa silaha kwa saa mbili za kwanza. Mkufunzi, mzee wa sauti ya chini, alitupitisha kwenye kanuni nne ambazo nazo hutokana na Cooper: kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi, mtutu usielekezwe kamwe kwenye kitu usichokubali kukiharibu, kidole kikae nje ya triga mpaka vilengeo viwe juu ya shabaha, na uijue shabaha yako pamoja na kilicho nyuma yake. Nilikuwa nazijua kwa kichwa. Alitutaka tuzitende kwa bastola tupu huku yeye akizunguka nyuma yetu, na ndani ya dakika kumi alikuwa amemgusa bega kila mmoja wetu kwa kosa ambalo mwenyewe hakuliona. Kwangu ilikuwa kidole. Kila nilipoirudisha bastola kwenye ala, kilitangulia kuingia kwenye triga kwa upana wa ukucha. Miaka 2, maelfu ya marudio, na sikuwahi kukiona.

Mambo ya kinga yalielezwa kwa ufupi na yanafaa yajulikane. Mlio wa bastola huzidi desibeli 140, na kwa nguvu hiyo mlio mmoja unaweza kuharibu usikivu kwa namna isiyotibika, ndiyo maana tulivaa vizibo vya sponji ndani ya masikio na vifuniko juu yake. Kiwashio cha kwenye kitako cha risasi nyingi kina plumbi, madini ya sumu ambayo pia huitwa risasi, na vumbi lake hubaki mikononi, hivyo hakuna kula uwanjani na kila mapumziko yalianza kwa maji baridi na sabuni.

Siku ya pili ndiyo iliyonipeleka kule. Mkufunzi alizichukua magazini zetu, yaani vibweta vya risasi vinavyochomekwa kwenye bastola, akageuka ili tusione, akazijaza kwa kuchanganya risasi halisi na risasi bandia, kisha akatuamuru kufyatua mmojammoja, polepole, wengine wakitazama. Yangu ya kwanza ililia. Ya pili ikalia. Ya tatu ilikuwa bandia: kilisikika kidoko kikavu tu, na mbele ya macho yangu, mbele ya watu tisa, mtutu ulizama chini na kushoto kama mtu aliyepigwa kisogoni. Hapakuwa na mlio wa kuuficha wala teke la bastola la kusingizia. Mwili wangu ulikuwa umejifunza kuogopa mlio, ukaanza kuusukuma mtutu chini nukta moja kabla haujatokea, na kwa miaka yote niliyofyatua risasi halisi, teke lilifunika kosa kila mara.

"Umeona, ndugu?" aliuliza.

"Nimeona, Mwalimu."

"Basi sasa tunaweza kuanza."

Alinichorea hesabu yake kwenye karatasi ya shabaha. Umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele kwenye bastola ya kawaida ni kama sentimita 16. Kilengeo cha mbele kikihama kwa milimita 1, risasi hukosa kwa zaidi ya sentimita 4 kwenye mita 7, na kwa zaidi ya sentimita 15 kwenye mita 25. Niliitazama ile pembe nyembamba ya kalamu ya risasi nikaikumbuka nguzo ya barabarani.

Dawa aliyotupa ni ya uvumilivu. Mwanafunzi alisawazisha sarafu juu ya mtutu wa bastola tupu, akabonyeza triga kwa mwendo mmoja usiokatika, na sarafu isipoanguka akarudia. Kisha risasi bandia tena, mwenzako akikujazia magazini ili usijue. Mwenzangu alikuwa na tatizo tofauti kabisa, mshiko wake wa mikono miwili haukuwa sawa. Kushika bastola kwa mikono miwili tunakuona kama jambo la kuzaliwa nalo, lakini kabla ya Jack Weaver, askari wa Los Angeles, kuanza kuwashinda wenzake kwa mtindo huo mwishoni mwa miaka ya 1950, wapiga shabaha wengi wa bastola walinyoosha mkono mmoja. Kila mmoja wetu alitazama mikono ya mwenzake kwa siku mbili, na nadhani nilijifunza zaidi nikiwa nimesimama nyuma yake, nikisubiri mtutu wake utikisike, kuliko nilipokuwa nikifyatua mwenyewe. Kufikia jioni ya siku ya tatu matundu yangu yalikuwa yamepanda. Bado yalitawanyika, lakini yalizunguka mahali nilipolenga.

Safari ya kurudi niliigawa siku mbili, na chumba nilikilipia kabla ya kuondoka ili nisijadiliane na nafsi yangu njiani. Nilisimama kila baada ya saa mbili nikatembea dakika kumi, uchovu uwepo au usiwepo. Kila nilipoondoka kituoni nilimpigia dada yangu simu nikamwambia saa nitakayofika kituo kinachofuata, na yeye alikuwa na ruhusa yangu ya kuniamuru nisimame akiisikia sauti yangu imebadilika. Aliitumia mara moja, siku ya pili alasiri. Nilitaka kumbishia, kwa kuwa nilijiona mzima kabisa. Nikaegesha gari, nikaegemeza kiti, na nilikuwa nimelala kabla dirisha halijamaliza kupanda.

Sasa kwenye uwanja wa karibu nami nimempata mtu anayekubali kunijazia magazini, nami humjazia yake. Wiki iliyopita aliniwekea bandia 10 kati ya risasi 50. Mtutu ulizama mara mbili, na mara zote mbili yeye ndiye aliyetangulia kuona.