Yule wetu

"Mwalimu, mwalimu wetu atarudi lini?"

Ilikuwa Jumanne, nakusanya madaftari. Aliyeuliza ni mwanafunzi wangu ninayemwita Bwana Maswali, yule aliyetaka kujua kama walimu hulala shuleni. Nikajikaza, nikatabasamu: "Mimi ndiye mwalimu wenu sasa." Akaniangalia, nadhani kwa huruma, akasema, "Ndiyo, Mwalimu. Lakini yule wetu?"

Basi, wiki nzima naisikia hiyo "yule wetu". Mkaguzi alikuja Alhamisi, akapekua maandalio ya somo, akaondoka bila neno baya. Mama ametoka hospitali, Mungu ashukuriwe. Mimi bado niko kwenye madaftari ya Jumanne, namtungia mtoto majibu usiku kitandani. Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana inauma. Angekuwa mkorofi ningejua pa kumshika.

Chuoni tulifundishwa azimio la kazi, zana, na kuandika ubaoni bila kuwapa watoto mgongo. Kelele ndiyo niliyoiogopa wakati ule. Siku hizi sina habari nayo. Ninachohofia ni mtoto ajue kusoma kupitia kwangu, kisha akichukie kitabu kwa sababu yangu.

Halafu Ijumaa. Bwana Maswali huyohuyo huhesabu kama kasuku mpaka ishirini. Ukimwekea vizibo vitano anavigusa kimoja kimoja, hakosei. Ukimwuliza, "Kwa hiyo viko vingapi?" anaanza upya: moja, mbili... Kwake "vingapi" ni amri ya kuhesabu. Kwamba namba ya mwisho ndiyo inayobeba vyote, hilo lilikuwa halijamwingia. Na halikaririshwi, hata ukaukwe na sauti. Tumekwama hapo tangu muhula uanze.

Ijumaa akahesabu, nikavifunika kwa kiganja. "Vingapi?" Kidole kikatoka kuanza moja, hakuna cha kugusa. Akakunja uso. Akautazama mkono wangu, akanitazama mimi.

"Vitano."

Nikafunua, nikavitawanya mezani. Wenzake wengi ukifanya hivyo watakuapia kwamba vimeongezeka.

"Na sasa?"

"Si nimeshakuambia? Vitano!" Kwa ukali wa mzee aliyeamshwa usingizini.

Nilitaka kupiga vigelegele. Nikaishia kusema "vizuri sana", maana jirani yake alikuwa ameshaanza kutafuna kizibo na ilibidi nikitoe kwanza mdomoni mwake. Lakini nilitembea nyumbani nacheka peke yangu, watu wakinishangaa, na usiku huo nililala fofofo. Furaha kama hii hata mshahara hauileti, na mshahara wenyewe mnajua ulivyo.

Mama anasema dawa za jioni anakunywa. Nimekuta pakiti imejaa vilevile. Dada hataki nimwulize mbele ya wageni, na wageni hawaishi kuja kumpa pole. Kesho natoka alfajiri, yeye bado amelala. Sasa nimwulize saa ngapi?