Hata wewe, shemeji

Tangu Jumapili nalala nayo naamka nayo: "Kumbe anakopi picha! Hata wewe, shemeji, ungeweza."

Tulikuwa Stockbridge, kwenye makumbusho ya Norman Rockwell, yule mchoraji wa Marekani. Mnajua nilivyomsumbua Baba Nuru anipeleke tangu tuhamie huku Massachusetts. Nikawa namweleza shemeji, kwa mapenzi kabisa, jinsi mzee alivyofanya kazi: anawaita majirani, anawavalisha, anawapanga, mpigapicha anapiga, kisha picha inamulikwa kwa mashine juu ya karatasi, naye anafuatisha mistari kwa mkaa. Ndipo akasema. Akanigusa na bega, eti ananipa moyo.

Nimemjibu mara arobaini nikiosha vyombo. Shemeji, mkaa ulikuwa mwanzo tu. Shemeji, kule chini umeyaona majalada 323 aliyoyachorea jarida la Saturday Evening Post, la kwanza la 1916, kijana wa miaka 22. Kamera ndiyo iliyoyachora? Na hiyo "hata" umeitoa wapi? Lakini pale pale nilicheka tu, nikasema, "Haya bwana."

(Mdogo wangu kajifungua salama, mimi nimerudishwa zamu ya usiku. Alhamdulillahi kwa la kwanza.)

Jana ndiyo nikamkumbuka Nuru. Alikuwa amekwama mbele ya ile picha ya Ruby Bridges, mtoto mweusi anayesindikizwa na maofisa kwenda shule iliyokuwa ya wazungu tu; picha hiyo ilitoka kwenye jarida la Look mwaka 1964. Wakati huo Rockwell alikuwa ameshaachana na Post, ambako, kwa alivyosimulia mwenyewe, aliambiwa mtu mweusi achorwe akiwa mtumishi tu. Gauni jeupe, soksi nyeupe, rula mkononi. Maofisa wanne wamekatwa mabegani, hawana vichwa. Ukutani nyanya imepasuka, inachuruzika. Ruby alikuwa na miaka sita siku ile New Orleans, kama Nuru wangu sasa.

"Mama, nani atafuta hiyo nyanya?"

Sikuwa na jibu. Shemeji naye kimya, mikono mfukoni.

Basi jana usiku nikatoa penseli, mara ya kwanza tangu Ramadhani, nikamchora Nuru kwa nyuma, anavyomtazama Ruby. Bila picha, makusudi. Nywele zimekubali, begi limekubali. Mguu wa kushoto umekataa katakata, nimefuta mpaka karatasi imetoboka. Laiti ningempiga hata picha moja ya simu.

Na boila ya chini imeanza tena kugonga. Mwenye nyumba hapokei simu, na wanasema Jumamosi theluji.