Bata Mzinga Aliyeiva Uani Bila Sufuria ya Mafuta

Mama alipokubali kwamba ukoo ukutane nyumbani kwetu mwaka ule, aliweka sharti moja ambalo hakutaka lijadiliwe: sufuria ya mafuta ya moto isionekane uani maadamu kuna watoto. Sote tulijua sharti hilo lilikotoka. Miaka kadhaa kabla ya hapo, katika mkusanyiko kama huo, mjomba wangu alimtumbukiza bata mzinga katika mafuta yaliyokwisha kupata moto mkali, na kwa kuwa ndani ya tumbo la ndege huyo kulikuwa kumebaki barafu, mafuta yalifura ghafla, yakapanda hadi ukingoni, yakamwagikia kichomeo cha gesi kilichokuwa chini na kulipuka moto. Binamu yangu, aliyekuwa amesimama karibu ili amsaidie baba yake, aliungua mguu, na kovu analo hadi leo.

Mjomba si mtu mzembe, na ni haki kulisema hilo kabla ya lingine lolote. Siku ile alikuwa amemzamisha ndege katika maji kwanza, ndani ya sufuria ile ile, ili ajue mafuta yafike wapi bila kufurika. Kipimo chake kilikuwa sahihi. Barafu ndiyo iliyokivuruga. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo barafu inapoyeyuka maji yake huzama katika mafuta yenye joto la nyuzi 175 za Selsiasi, hugeuka kuwa mvuke papo hapo, na mvuke huo huhitaji nafasi inayozidi ile ya maji yenyewe kwa takriban mara 1,700. Mafuta yaliyo juu yake hayana pa kwenda isipokuwa nje ya sufuria, na nje ya sufuria ndiko uliko moto.

Nilichokinunua mimi ni kikaango kisichotumia mafuta, na nilipomweleza mjomba habari zake kwa simu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, kukaanga bila mafuta ni kuoka, na kuoka hatujashindwa." Hakukosea sana. Chombo hicho hakikaangi kwa maana aliyoizoea yeye. Ni mapipa mawili ya chuma, moja ndani ya jingine. Moto wa gesi huwaka kuzunguka pipa la ndani, ukuta wa pipa hilo hupata moto, kisha nao hurusha joto kuelekea katikati, alipo ndege, kwa njia ya mionzi ya infraredi, yaani mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho. Mwali haufiki penye nyama hata kidogo, na mafuta yanayoyeyuka kutoka kwenye ngozi hudondokea trei iliyo chini badala ya kuangukia moto na kuleta moshi mchungu. Juu pako wazi. Hilo ndilo lililomtia mjomba shaka kuliko yote, kwa sababu kila tanuri alilolijua lilikuwa na mlango, na mlango ukifunguliwa joto hutoka.

Kazi ya kweli ilianza mapema, katika friji, na ningependa kuieleza kwa kirefu kwa sababu naamini humo ndimo chakula kile kilimopatikana. Bata mzinga aliyegandishwa huhitaji takriban saa 24 ndani ya friji kwa kila kilo mbili za uzito wake, na wa kwetu alikuwa na kilo sita. Sikutaka kumwacha mezani jikoni ayeyuke upesi, kwani nje ya friji ngozi na nyama ya juu hufika kwenye joto ambalo bakteria huzaliana wakati kiini kingali jiwe. Alipolainika nilimtoa shingo na firigisi zilizokuwa zimefungwa ndani, nikaingiza mkono hadi mwisho wa kifua, mahali ambapo barafu hupenda kujificha kati ya mbavu, nikajiridhisha kwa vidole kwamba hakuna kipande kilichobaki. Katika kikaango kisicho na mafuta barafu hailipui kitu, lakini huchelewesha kiini kuiva wakati nje kunaungua; na zaidi ya hapo, baada ya yale yaliyompata binamu yangu, nisingeweza kumpeleka ndege yeyote motoni bila kumpapasa ndani.

Chumvi nilipima gramu 60, yaani asilimia moja ya uzito wake, nikaichanganya na pilipili manga na kitunguu saumu kilichosagwa kikavu. Sukari sikuweka, wala asali, ingawa dada yangu aliiomba sana, kwa sababu ukuta wa chuma uliopata moto huunguza sukari kabla nyama haijaanza hata kuchangamka. Nililegeza ngozi ya kidari kwa vidole polepole ili isichanike, nikaisugua chumvi moja kwa moja kwenye nyama, kisha nikamrudisha ndege katika friji bila kumfunika usiku kucha. Watu wengi hukiruka kitendo hiki. Chumvi kwanza huvuta maji kutoka katika nyama, maji hayo huiyeyusha, na baada ya saa kadhaa nyama huyanyonya tena yakiwa na ladha; wakati huo huo hewa baridi ya friji huikausha ngozi. Asubuhi nilipoigusa ilikuwa kavu na kavu hasa, imenyooka juu ya kidari, na kwa mbali ilionekana kama karatasi iliyopakwa mafuta. Ngozi yenye unyevu hutumia joto la mwanzo kufukuza maji, nayo haiwezi kubadilika rangi mpaka maji yaishe.

Kikaango nilikiweka kwenye sakafu tambarare uani, zaidi ya mita tatu kutoka ukuta wa nyumba, mbali na kivuli cha paa, ingawa jua lilikuwa kali na kaka yangu alipendekeza tukisogeze barazani. Kifaa cha aina hiyo hakiwashwi chini ya paa. Gesi inapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha huzalisha kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na propani, gesi iliyomo mtungini, ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutuama chini badala ya kupaa. Nilipaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na mtungi, nikafungua gesi kidogo, nikatazama kama kuna kipovu kinachokua. Hakikuwapo. Ndipo nikawasha.

Ndege nilimsimamisha ndani ya kapu la waya huku miguu ikiwa chini. Pipa hupata moto zaidi sehemu ya chini, karibu na kichomeo, na mapaja ndiyo yanayohitaji moto mwingi, kwa sababu nyama yake ina tishu ngumu zinazolainika tu joto linapokaribia nyuzi 80, ilhali kidari huanza kukauka kabla ya hapo. Kwa kumsimamisha hivyo nilitaka kila sehemu ipate haki yake kwa wakati mmoja. Kipimajoto nilikichoma kwenye sehemu nene ya kidari, nikihakikisha ncha haigusi mfupa, kisha nikalishusha kapu taratibu.

Mjomba alifika ndege akiwa ameshaingia ndani. Alimwamkia mama, akauliza hali za watoto, halafu akabeba kiti mwenyewe na kukaa umbali wa hatua chache kutoka kikaangoni, upande ambao upepo haukumpelekea joto. Kwa muda mrefu hakusema lolote. Binti wa kaka yangu, aliyekuwa sekondari wakati huo, alichungulia akiwa mbali kama nilivyomwagiza, akauliza, "Shangazi, mbona sioni moto, na nyama inaiva?" Nilimwambia asogeze kiganja chake kando ya ukuta wa nyumba yetu, uliokuwa umepigwa na jua tangu asubuhi, bila kuugusa. Alilihisi joto lake. Nikamweleza kwamba joto lile linalotoka ukutani na kufika mkononi ndilo linalofanya kazi ndani ya pipa, ila la pipani ni kali mara nyingi zaidi, na kwamba mwanafalaki William Herschel aliligundua mwaka 1800 alipoutawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, na joto likapanda. Mjomba aliyasikia yote hayo. Baada ya kitambo aliinuka na kwenda kuweka kiganja chake karibu na ukuta ule ule.

Saa ya kwanza ilipita bila ya jambo la kusimulia. Harufu ilikuja kwanza, ya kitunguu saumu, kisha ikafuatiwa na ile ya ngozi inayotoa mafuta. Nilipochungulia kutoka juu niliona ngozi ya kidari ikichemka taratibu kwa chini, vipovu vidogo vikitembea kati yake na nyama na kuacha kila vilipopita rangi ya dhahabu, huku mstari mwembamba wa mafuta ukiteremka pembeni mwa paja na kudondoka kwenye trei tone kwa tone. Mafuta hayo yalikuwa yake mwenyewe. Hakuna aliyeyamimina, na sidhani kama kuna mafuta yanayoifaa ngozi ya bata mzinga kuliko hayo.

Kikaango cha namna hii hukadiriwa dakika 20 hivi kwa kila kilo, kwa hiyo ndege wa kilo sita angetarajiwa kuiva kwa muda wa saa mbili. Zilipotimia, upepo ulikuwa umeanza kuvuma uani na kuchota joto mdomoni mwa pipa, na kipimajoto kilisoma nyuzi 66. Nje ndege alikuwa amekamilika kwa macho. Kaka yangu alisema watu wana njaa. Dada yangu akasema rangi ile ikizidi itakuwa nyeusi. Hata mama, ambaye hana papara, aliuliza kama si vema tumtoe. Nilikataa, na ninakumbuka kwamba sauti yangu haikutetemeka, ingawa si kawaida yangu kuwapinga wakubwa mbele ya wageni. Nyama ya ndege huhesabika kuwa salama kiini chake kinapofika nyuzi 74, na rangi ya ngozi haielezi lolote kuhusu kilicho karibu na mfupa. Aliyeniunga mkono ni mjomba. "Mwacheni," alisema. "Kipimo kikisema bado, ni bado." Nadhani hapakuwa na mtu uani pale aliyejua uzito wa maneno hayo kuliko yeye.

Niliweka wavu wa chuma juu ya mdomo wa pipa, kama inavyotakiwa kuelekea mwisho, ili joto lirudi kwenye kidari na kukikamilisha rangi, nikamwomba kaka asimame upande wa upepo pamoja na ubao mpana, mbali vya kutosha na pipa. Namba zilipanda polepole: 68, 70, zikakaa hapo kwa muda uliomchosha kila mtu, kisha 72. Kidari kilipofika 74 nililipima na paja kwa kipimajoto cha mkono, likasoma 81, nikazima gesi kwenye mtungi kwanza na kuuacha moto ujifie wenyewe.

Kumtoa kulihitaji kulabu, glavu nene na mikono isiyoharakisha, kwani chuma huchelewa kupoa na trei ilikuwa na mafuta ya moto. Binamu yangu, yule mwenye kovu, ndiye aliyelishika kapu pamoja nami, kila mmoja upande wake, na watoto wote walikuwa wameketi barazani. Tulimweka juu ya sinia, nikamfunika kwa foili bila kumbana, kwa sababu foili iliyobanwa hugeuza mvuke kuwa maji na kuilainisha ngozi iliyohangaikiwa tangu jana. Alipumzika kwa nusu saa. Dada yangu alitumia muda huo kuchuja mafuta ya trei na kupika rojo kwa masalia yaliyoganda chini, ambayo yalikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea na chumvi ya kutosha.

Mjomba ndiye niliyemkabidhi kisu. Alianza na paja, likaachana na kiungo chake bila kulazimishwa, kisha akakata kidari vipande vipana, na maji yake yakatuama kwenye sinia yakiwa meupe bila dalili ya damu. Alikula kipande cha kwanza akiwa amesimama, akatafuna ngozi yake peke yake, na sote tulisikia ilivyokatika. Alisema kidari hicho kimekizidi cha kwake, na kwamba ngozi ya mbele hana neno nayo. Halafu akaninyanyulia bawa akanionyesha chini yake, pale ngozi ilipokuwa imegusana na ubavu, ikabaki nyeupe na laini. Mafuta yangefika hapo, alisema, na ni kweli: mafuta huingia kila mkunjo, lakini mionzi husafiri kwa mstari ulionyooka na haina njia ya kuzunguka bawa. Nilimwambia kwamba safari ijayo mabawa hayatabanwa ubavuni. Mama alisema safari ijayo ni mwaka kesho, hapa hapa, na mjomba akaahidi kufika mapema ili mabawa ayatengeneze yeye.