Ramadhani 80 za Bibi

Bibi alipofariki mwaka 2022, wiki chache baada ya Idi, jambo la kwanza tuliloshindwa kukubaliana lilikuwa umri wake. Kitambulisho kilisema alizaliwa tarehe 1 Januari 1942, tarehe wanayopewa wengi wasioijua siku yao. Amu alishikilia kwamba mama yake alishavuka 90. Mama yangu, mkwewe aliyekaa naye nyumba moja miaka mingi, alisema 82 na si zaidi. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuyaandika maisha yake, ili vitukuu waliokuwa bado wanatambaa waje kumjua, na nilikuwa nimekwama kwenye mstari wa kwanza.

Siku zake za mwisho kila aliyeingia kumjulia hali alimwambia neno moja: "Nimeidiriki Ramadhani ya themanini, alhamdulillahi." Tuliitikia alhamdulillahi, tukamvuta shuka vizuri, tukatoka. Nilidhani amechanganyikiwa. Alikuwa ametusimulia tangu utotoni mwetu kwamba alifunga mwezi mzima kwa mara ya kwanza mwaka vita vikuu vilipoisha, na kutoka 1945 hadi 2022 ni miaka 77. Themanini inatoka wapi? Nilimhesabia kosa moyoni, sikumuuliza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Shangazi mkubwa ndiye aliyenifungua macho. Nilikuwa nimemwendea na simu ya kurekodia na orodha ya maswali, naye akawa ananijibu neno moja moja, mpaka nilipoiweka simu chini nikamsaidia kukunja nguo. Mikono ilipopata kazi, na ulimi ukapata njia. Akanisimulia kisa ambacho sikuwahi kukisikia hadi mwisho: kwamba habari za kwisha kwa vita ziliwakuta wamefunga. Baba yake Bibi alirudi kutoka msikitini akasema vita vimekwisha, na yule mtoto mwenye pengo la meno ya mbele akamuuliza, "Basi sasa tunaweza kula?" Baba yake alicheka, akambeba begani hadi adhana ya magharibi.

Nilirudi nyumbani nikatafuta kalenda ya Hijria. Ujerumani ilisalimu amri Mei 1945, na huo haukuwa mwezi wa kufunga. Lakini Ramadhani ya mwaka 1364 Hijria iliandama karibu na tarehe 9 Agosti 1945. Japani ilitangaza kusalimu amri tarehe 15 Agosti, na hati ikatiwa saini tarehe 2 Septemba, Ramadhani ikiwa bado haijakwisha. Kisa cha Bibi kikakaa mahali pake sawasawa.

Ndipo nikahesabu kama alivyohesabu yeye. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo kila miaka 33 ya jua huchukua kama 34 ya Hijria. Ramadhani ya mwisho aliyoiona ilikuwa ya mwaka 1443. Kutoka 1364 hadi 1443, ukizihesabu zote mbili, ni Ramadhani 80. Nilihesabu kwa kikokotoo, nikahesabu tena kwa kalamu. Bibi hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Aliyekuwa amekosea hesabu ni mimi niliyesoma.

Na lile pengo la meno likatupa umri. Mtoto hung'oka meno ya mbele akiwa na miaka sita au saba, kwa hiyo alizaliwa 1938 au 1939. Alifariki akiwa na miaka 83 au 84 ya jua. Kwa miaka yake mwenyewe, karibu 86. Amu alikubali shingo upande.

Baada ya hapo niliichana ile rasimu. Nilikuwa nimeipanga kwa miaka: mwaka huu aliolewa, mwaka ule alihama. Kila nilipomuuliza mtu "ilikuwa mwaka gani?" alitazama dari. Nilipoanza kuuliza "ilikuwa kabla ya Ramadhani gani, au baada ya ipi?" watu wakaanza kumwaga. Ramadhani aliyojifungua Amu. Ramadhani aliyopatana na dada yake, baada ya kununiana muda mrefu kwa ajili ya kiwanja. Hilo la kununiana niliandika, ingawa Shangazi mdogo alitaka lifutwe. Bibi alikuwa mkali, na alijua kukasirika. Mtu asiyejua kukasirika hawezi kusifiwa kwa kusamehe, na yeye alitoka usiku, mwezi wa Shaabani ukiwa unaisha, akaenda kugonga mlango wa mdogo wake kwa sababu hakutaka kuupokea mwezi mtukufu na kinyongo kifuani.

Hakuwahi kukaa darasani. Alichokijua cha Qurani alikipata kwa kusikiliza kaka zake wakisoma, mpaka akahifadhi Yasini yote, aya 83, na sura 37 za juzuu ya Amma. Sisi wajukuu tukisoma sebuleni tukiteleza irabu moja, sauti yake ilitoka uani alikokuwa akifua: "Rudia hapo." Hakuwa na msahafu mbele yake. Hakuuhitaji.

Ramadhani ilirudi Agosti mwaka 1978, na huo ndio mwezi aliomzika mumewe. Ikarudi tena Agosti mwaka 2011, na huo ndio mwaka daktari alimkataza kufunga kwa sababu ya kisukari. Mama anasema hakulia msibani kama alivyolia siku ile. Tangu hapo akawa anatoa fidia, kulisha maskini mmoja kwa kila siku isiyofungwa, na aliisimamia mwenyewe, hakumwachia mtu. Ndiyo maana, nikikumbuka vizuri, kitandani hakusema "nimefunga Ramadhani themanini." Alisema "nimeidiriki," yaani nimeifikia nikiwa hai. Hata katika homa ile alichagua neno la kweli.

Tulipokuwa tunapanga vitu vyake, ndani ya mswala uliokunjwa nilikuta uzi mweusi wenye mafundo manne. Nilitaka kuutupa. Shangazi mkubwa akanishika mkono.

Bibi hakujua kuandika. Kila siku aliyoikosa katika Ramadhani, kwa hedhi au uzazi au safari, alifunga fundo, na kila siku aliyoilipa baadaye alifungua moja. Alipenda kulipa Jumatatu na Alhamisi. Shangazi alikuwa akimwona tangu utotoni akiupapasa uzi ule kabla ya kulala, lakini hakujua kama ulikuwa umebaki na kitu. Ulikuwa umebaki na manne. Huenda ni ya mwaka wa mwisho kabla ya ugonjwa. Hakuna aliyebaki wa kutuambia.

Tulimwendea sheikh. Akatusomea hadithi ya Bi Aisha, iliyo katika Bukhari na Muslim, kwamba aliyekufa na deni la saumu, walii wake, yaani jamaa yake wa karibu, atamfungia. Akatueleza pia kwamba wanazuoni wamehitilafiana: wako wanaosema jamaa wafunge, wako wanaosema walishe maskini kwa kila siku. Amu alisema, "Mafundo manne, na mama alizaa wanne."

Lakini Baba alimtangulia mama yake. Shangazi wawili na Amu walifunga siku zao, kila mmoja akafungua fundo lake, na uzi ukaletwa kwangu na fundo la Baba.

Nilifunga Alhamisi. Lile fundo lilikuwa limekazana kwa miaka, kucha hazikufua dafu, na mkasi sikutaka kuusikia. Baada ya adhana ya magharibi nilitia maji na tende mdomoni, nikaketi kwenye mswala wake, nikalifungua taratibu kwa ncha ya sindano, Mama akinimulikia taa.