Goti, Mteremko na Baiskeli Isiyo na Friwili

Wiki hii Nairobi imenyesha bila kupumzika. Baiskeli imeegemea ukuta sebuleni, mimi nimekuwa nikipanda matatu, na kila nikiitazama najiuliza: niendelee na fiksi au niiache?

Kwa asiyeijua, fiksi ni baiskeli isiyo na friwili, yaani kile kifaa kinachoacha gurudumu lizunguke huku pedeli zimetulia. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, upende usipende. Watu hudhani mlima ndio taabu yake. Hapana. Kupanda jioni kutoka Westlands kuelekea Kangemi ni raha, kwa sababu gurudumu lenyewe hukusaidia kupitisha pedeli pale juu, mguu unapokosa nguvu. Taabu ni mteremko wa asubuhi. Yangu ina meno 46 mbele na 16 nyuma, kwa hiyo mzunguko mmoja wa pedeli hunisogeza kama mita sita. Nikigonga kilomita 40 kwa saa, miguu inazunguka karibu mara 110 kwa dakika, kisha ghafla matatu inanikatia mbele kuingia steji. Lazima nizikaze pedeli kwa nguvu zote. Hapo goti la kulia linauma, chini kidogo ya pia ya goti, na maumivu hayo hunifuata hadi ngazi za ofisini.

Breki ya mbele ninayo. Wapo wanaoendesha bila breki kabisa, kama wakimbiaji wa keirin, mbio zilizoanza Japani mwaka 1948. Lakini kule ni uwanjani, hakuna makutano wala mama anayevuka na mtoto mgongoni. Barabarani naliona hilo ni kosa, na sitalitetea.

Kwa nini basi nisiiache tu? Kwa sababu hakuna baiskeli nyingine inayonifanya niwe pale nilipo. Nikiwa na gia nyingi, akili hutangulia kazini kabla yangu. Kwenye fiksi, nyayo zinaisoma lami: mchanga ulioletwa na maji kandokando ya barabara, rangi ya kivuko iliyolowa, tairi la nyuma linapoanza kupoteza mshiko. Mguu hujua kabla ya jicho.

Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France, aliandika mwaka 1902 kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliopita miaka 45. Mashindano yake hayakuruhusu gia za kisasa hadi 1937. Mimi naukaribia umri huo, na naona alikosea. Kulinda goti si unyonge.

Fundi wangu anashauri tugeuze gurudumu, kwani upande wa pili wa habu, yaani kitovu cha gurudumu, unapokea friwili. Ni ushauri mzuri na gharama yake ni ndogo, ila kile ninachokipenda kitakuwa kimeondoka.

Nimeamua hivi: ninabaki nayo, lakini nyuma tunafunga meno 18. Mlima utakuwa mwepesi na goti litasukuma kidogo. Mteremkoni miguu itazunguka haraka zaidi, kwa hiyo nitashika breki tangu juu, pale Kangemi, na kuburuza tairi kwa kukaza pedeli nimeacha kabisa. Goti likiendelea kuuma hadi mvua za Machi, nitaiuza. Kijana wa jirani ameshauliza bei, nami nimemwambia asubiri.